Baiti Thelathini na Mbili

Hrafnsvík, Januari. Jua halijavuka mlima
tangu mwisho wa Novemba.
Saa nne asubuhi bado nawasha taa,
na juu ya paa langu mteremko mzima
umebeba theluji kama mtu aliyebana pumzi.

Vihisi elfu moja na mia mbili vimechimbiwa kule juu.
Kila kimoja hunong'ona: kina hiki, baridi hii.
Minong'ono ya majira tisa, rekodi milioni tisini,
programu yangu huipitia yote
ndipo iamue kama king'ora kilie.
Huamua kwa dakika tatu.
Theluji ikikatika, hufika shuleni kwa sekunde arobaini.

Nasema "yangu". Nusu aliiandika Hafliði.
Alipenda mnyororo: kila rekodi imeshika anwani ya inayofuata,
ya mwisho imeshika hewa.
"Unaongeza pete popote," alisema, "hubomoi kitu."
Kweli.
Lakini kuongeza si kusoma.

Leo nimesimama dirishani, kahawa inapoa,
namtazama Njörður wa posta.
Nyumba ya buluu, kisha ng'ambo ya daraja,
kisha anarudi, theluji magotini,
kwa jirani yake yule wa nyumba ya buluu,
kwa kuwa barua kazipanga kwa tarehe, si kwa mtaa.
Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka.
Prosesa yangu ina mbio za kutisha
na karibu maisha yake yote iko darajani,
inangoja kuambiwa nyumba ya pili iko wapi.

Basi nikavunja mnyororo.
Nikaomba kumbukumbu mara moja, nafasi milioni tisini,
si kidogo kidogo kama anayeazima chumvi kila jioni.
Nikapanga kina bega kwa bega na kina,
baridi na baridi, safu zilizonyooka,
mkono ukichota namba moja
uje na saba wenziwe bila kuitwa.

Kompaila ikasoma yote kabla ya kukubali lolote.
Ndiyo tabia yake: haingoji uanguke
ndipo ikwambie kuna shimo.
Mstari wa mia mbili na kumi na mbili, ikasema,
unamwita asiyekuwepo.

Nikaenda kutazama.
*aliyekifunga*. Herufi, baiti thelathini na mbili,
ndani ya kila rekodi, kando ya kina na baridi.
Hafliði Óskarsson. Hafliði Óskarsson.
Mara milioni sitini na kitu,
maana vingi alivifunga yeye, kwa kamba kiunoni,
akitukana kwa sauti ili asiogope.
Hakufia mlimani. Alianguka dukani, mwezi Machi,
akichagua betri.

Miezi kumi, kila mzunguko, usiku na mchana,
mashine ilimbeba mgongoni ikapita naye,
haikumuuliza neno.
King'ora hakihitaji kujua nani alichimba.
Mimi ndiye niliyehitaji, na sikuwahi kusoma.

Sikumfuta.
Nimemjengea jedwali lake pembeni,
mbali na njia ya mbio,
jina moja, limeandikwa mara moja,
na namba za vihisi vyake chini yake
kama watoto kwenye picha ya shule.

Kompaila ikanyamaza. Kunyamaza kwake ndiko kukubali.
Sekunde nne.
Nikairudia, nikidhani nimekosea. Sekunde nne.
Jirani kagonga mlango: kesho jua litagusa paa la kanisa,
dakika mbili tu mawingu yakiruhusu,
niende na sahani, chapati tamu zitakuwa nyingi.

Kabla ya kuzima nikafungua jedwali la pembeni,
nikauliza kihisi namba saba ni cha nani.
Mashine ikatoka kwenye safu zake zilizonyooka,
ikavuka daraja,
ikaenda mbali kumchukua.
Nikaiacha ichukue muda wake.